Mwaka Shimo Langu Lilipofagiwa

Mwezi uliopita nilikwenda Runyenjes kumzika bibi tuliyemwita Cucu Wambeti, na nilikula pale kama niliyetumwa na kata nzima. Sioni haya kusema. Katika boma lile ukikataa sahani ya pili unaulizwa kama unaumwa, na ukikataa ya tatu wanamwita muuguzi. Nilikuwa nimekaa katika stoo ya kahawa, ambayo siku hiyo iligeuzwa chumba cha wageni, sahani ya mukimo mapajani, mwanawe Njiru aliponijia na bakuli la supu. Njiru ni mchinjaji pale sokoni, na supu yake ya kwato ina nguvu za kumsimamisha tena ng'ombe mwenyewe. Nywele zake sasa ni nyeupe pe. Akaangalia pembe ambapo magunia yalikuwa yamesukumwa, akasema, "Dada Kanana, si ulikuwa unalala hapo hapo? Na ule mfagio, ulishausamehe?" Waliokuwa karibu wakacheka bila kujua wanacheka nini. Mimi nikacheka nikijua, halafu nikarudisha tonge sahanini.

Ya ukoo wangu na utoto wangu kijijini Ruiri nitayaacha. Ng'ombe walikuwa wengi na viatu vichache, basi. Nianzie katika duka la vifaa vya ujenzi mjini Meru, ambako mchana nilipima misumari na jioni nilikwenda darasani. Elimu yangu yote, tangu kidato cha kwanza mpaka digrii, niliipata jioni, na ilichukua muda mrefu hata mlinzi wa lango akastaafu, akaja mwingine, naye akastaafu. Digrii yenyewe ilikuwa ya akiolojia. Wateja walikuwa wakiniuliza akiolojia ni dawa ya nini, nami nikawajibu kwamba ni kazi ya kusoma takataka za watu waliokufa zamani, na mama mmoja aliyekuja kununua mabati akaniombea palepale kwenye kaunta, amefumba macho, mkono juu ya kichwa changu. Leo nikikumbuka maombi yale naona yalifika mahali, ingawa si pale mama alipoyaelekeza.

Mwaka ninaoukumbuka nilikuwa na miaka ishirini na tisa. Kulikuwa na mfuko mmoja uliotoa ruzuku kwa wanaakiolojia chipukizi, yaani sisi tuliohitimu lakini hatujawahi kuongoza uchimbaji hata wa kisima. Ruzuku ilikuwa na sehemu mbili. Ya kwanza ilikuwa ya utafiti: unachimba msimu mmoja. Ya pili ilikuwa ya safari: unapandishwa ndege mpaka Ureno, unasimama mbele ya wataalamu, unaeleza ulichokiona kwa dakika kumi na tano. Lakini sehemu ya pili hutolewa tu baada ya mkaguzi kuja kusimama ukingoni mwa shimo lako na kuridhika. Nilijaza fomu ile kwenye saiba, duka la intaneti, nikairudia mara elfu, na jibu lilipokuja nilipiga yowe hata mwenye saiba akang'oa waya ukutani akidhani kompyuta imenishika. Mimi, binti wa misumari, nipande ndege! Kwa wiki moja nilitembea Meru nikiangalia juu, na nikajigonga kwenye nguzo zote za stima za mji ule.

Mahali pa kuchimba nilishapata, na kwa bahati ya ajabu. Njiru alikuwa amepanda mpaka Ruiri kununua mafahali, na aliporudi akapitia dukani kwetu kutafuta waya wa ua. Akalalamika kwamba alikuwa akikata ngazi ya shamba chini ya nyumba yake, apande migomba, na jembe limevunjika kwa sababu ya vyungu vya kale vilivyojaa ardhini kama mawe. Mteja mwingine alibaki na kilo ya misumari mkononi bila wa kumhudumia. Nilimkalisha Njiru juu ya ndoo ya rangi, nikamhoji kama polisi. Kibali cha serikali kilipotoka na ruzuku ikaingia, nilishuka Runyenjes na mwiko wa uashi, chekecheke, mifuko ya plastiki na kiburi cha kujaza lori.

Nikapewa stoo. Ilinuka kahawa kavu na magunia, na ukuta wake mmoja wa mbao ulikuwa ndio ukuta wa jikoni, kwa hiyo kila lililosemwa kule lilinifikia hata kabla ya moshi. Jioni ya kwanza, nikiwa nakunywa uji wa wimbi, nilimsikia Cucu Wambeti akimuuliza mwanawe. Walizungumza Kiembu, ambacho mtu wa Meru hukishika bila shida; kairitu ni msichana, yaani mimi.

"Huyu kairitu anataka nini kule chini?"

"Vyungu vilivyovunjika, mama."

"Vizima hataki?"

"Hataki."

"Na analipwa?"

"Analipwa. Tena akimaliza, atapelekwa Ulaya na ndege."

Nikasikia kuni zikisogezwa. Kisha Cucu akasema, "Mimi nimefinyanga vyungu huko kwetu Mbeere tangu nikiwa msichana, nikavivunja vingi kuliko watoto wa hapa, na hakuna aliyenipeleka hata Embu mjini."

Nilicheka mpaka uji ukanitokea puani. Na hilo ndilo ninalojilaumu nalo hadi leo, kuliko mengine yote ya mwaka ule. Mfinyanzi alikuwa nyuma ya mbao, umbali wa mkono mmoja, na mimi nilichofanya ni kucheka na kulala. Asubuhi nilimwamkia kwa heshima, nikala viazi vitamu vyake, nikashuka shimoni. Sikumuuliza neno. Nilikuwa nimefunzwa na vitabu kwamba wenyeji ni watu wa kuomba ruhusa na maji ya kunywa.

Lakini shimo lenyewe, jamani! Wiki za mwanzo ilikuwa udongo mwekundu tu na mizizi ya kahawa. Kisha vigae, vipande vya vyungu, vikaanza kutokea, vinene, vya kijivu, vikiwa vimelala pamoja kana kwamba mtu aliviangusha jana akaenda kuita mwenzake waje waokote. Chini yake ukafuata udongo mtupu, kina cha kiganja. Na chini ya udongo huo mtupu vikaja vingine vyembamba, vyekundu, vilivyochorwa vistari laini kwa kitu chenye meno. Nilipokiona cha kwanza nilizima redio, kwa sababu ilionekana ni utovu wa adabu kuendelea na muziki. Watu wa jamii mbili tofauti waliishi mahali pale, wa pili wakipika juu ya waliosahauliwa, nao wote chini ya kahawa ya Njiru, na mimi nilikuwa wa kwanza kuwapigia hodi. Nililala chali ndani ya shimo nikiangalia mawingu yakipita, nikahisi nimepungua ukubwa, nimekuwa kama punje ya wimbi, na hisia hiyo ilinifurahisha.

Hapa nieleze jambo moja la kazi yetu, maana kila kitu kinaegemea hapo. Kigae peke yake hakina thamani. Thamani yake ni mahali kilipolala: upande gani, kina gani, juu ya nini na chini ya nini. Ukikiinua bila kuandika hayo, umempokonya yatima jina la kijiji chake. Ndiyo maana vigae vya safu ya chini niliviacha palepale vilipo, nimevisafisha kwa brashi tu, ili mkaguzi avione na tuvipige picha. Vilivyokwisha kuinuliwa nilivipanga juu ya mikeka, kila fungu na karatasi yake chini ya jiwe. Daftari langu lilikuwa na vipimo vya nusu ya shimo. Nusu nyingine ningeiandika mkaguzi akiwepo.

Siku moja kabla ya ukaguzi nilikwenda Embu kusafisha picha na kuthibitisha safari ya mgeni. Nilipokuwa nikimaliza chai ya asubuhi jikoni, niliwaambia wote kwa majivuno, "Kesho mgeni mkubwa anakuja kuona shimo letu." Hayo tu. Kisha nikaondoka nikipiga mluzi.

Nilirudi jua likiwa bado juu. Nikiwa mbali niliona boma limetakata. Ua umefagiwa, mistari ya mfagio imekaa kama nywele zilizochanwa. Wanawake watano wa jirani walikuwa wamekaa kwenye nyasi wamechoka, miguu imenyooshwa, wakila githeri ya mahindi na maharagwe. Cucu alisimama aliponiona, akajifuta mikono kwa leso, uso unang'aa. "Kairitu, njoo uone. Mgeni wako hataaibika."

Nikashuka. Shimo lilikuwa limefagiwa mpaka sakafu. Kuta zake, ambazo nilizikata kwa wembe ili tabaka zionekane, zilikuwa zimekandikwa udongo laini uliochanganywa na samadi, zikapigwa kwa mkono mpaka zikateleza, ukuta mzuri kuliko wa nyumba yoyote niliyowahi kuishi. Vigae vya safu ya chini havikuwepo. Vyote, vya mikekani na vya shimoni, vilikuwa vimeoshwa kwa maji na kupangwa juu ya majani ya migomba, vikubwa nyuma, vidogo mbele, kama watoto wanaopigwa picha ya shule. Karatasi zangu zilikuwa zimetumika kuwashia moto wa githeri.

Nilisema, "Asante, Cucu." Ni kitu gani kingine ungesema? Wanawake watano walikuwa wameacha mashamba yao. Walinipigia makofi. Nikapanda juu nikaingia stoo, nikakaa juu ya gunia, nikaiona ndege yangu ikipaa bila mimi, na kiti changu cha dirishani kimekaliwa na mtu asiyejua hata kutamba.

Njiru alinikuta hapo akiwa bado na aproni ya kazi. Nilimweleza. Alisikiliza akikuna kidevu kwa mpini wa kisu. "Sasa si uandike tu? Wewe ulikuwa unajua vilikuwa wapi, karibu karibu. Huyo mgeni atajuaje? Vigae vitamwambia?"

"Hiyo ni kusema uongo, Bwana Njiru."

"Na ukisema ukweli, mama yangu anakuwa yule mzee aliyeharibu kazi ya serikali. Mbele ya mgeni. Mbele ya wale mama watano. Hapa Runyenjes hiyo hadithi itaishi kuliko mimi." Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayeomba.

Basi nikachukua karatasi mpya. Nilibeba beseni la vigae mpaka kwenye benchi la nje, nikaanza. Upande wa kaskazini, safu ya chini. Upande wa kaskazini, safu ya juu. Niliandika tatu. Mkono uliandika vizuri ajabu, na nimewahi kujiuliza mara nyingi ningekuwa mtu wa namna gani kama ningeandika ya nne. Cucu alikuja na kikombe cha uji, akaketi kando yangu, akaangalia mafungu yangu kwa muda.

"Mbona unawachanganya?" akauliza. "Hawa si watu wa jamii moja."

Akachukua kigae, akakigonga kwa ukucha karibu na sikio. Akakigeuza. Kisha, Mungu wangu, akakilamba. Mimi niliyesoma miaka yote ile nilikaa mdomo wazi nikimtazama bibi wa miaka sabini akilamba ushahidi. "Huu ni udongo wa mtoni," akasema, "una mchanga wake wenyewe." Akalamba kingine. "Huyu aliponda jiwe akachanganya. Mchanga wa kupondwa unakwaruza ulimi. Huyu alifinyanga kwa kuzungusha kamba za udongo, huyu alivuta kutoka donge moja, kama sisi. Hawa wembamba siwajui. Si wetu. Lakini walikuwa na mkono, hawa wanawake. Mimi sikuwahi kufika wembamba huu, na nilijaribu." Alisema jambo hilo la mwisho polepole, na wivu kidogo, kama anayemzungumzia jirani. Alipitia beseni zima hivyo, kugonga, kugeuza, kulamba, akitenga huku na huku, bila kusita mahali popote. Nilichukua vile vichache ambavyo nilikuwa nimevipima na kuvichora kwenye daftari kabla ya kufagiwa, nikalinganisha. Alivyokuwa ametenga yeye ndivyo ardhi ilivyokuwa imetenga. Vyote. Ulimi wa mtu ulikuwa umefika mahali ambapo mimi nilifika kwa wiki nane za mwiko.

Zile karatasi tatu nilizichana. Kwa maana nilijua sasa kwamba nikidanganya kuhusu vigae, nitakuwa nimemdanganya mtu anayevielewa.

Mkaguzi alifika saa nne asubuhi. Jina lake Bi Zuhura, mzaliwa wa mtaa wa Majengo kule Meru mjini, mwanamke mfupi mwenye buibui safi na viatu vya matope alivyobeba kwenye mfuko na kuvivaa kwa adabu pale langoni. Alikula kwanza; pale halikwepeki hilo, nami nikamsimulia jinsi Cucu anavyovitambua vigae. Tukashuka, Njiru nyuma yetu, Cucu nyuma ya Njiru na kitambaa kipya kichwani. Bi Zuhura alisimama ukingoni, akaangalia zile kuta laini.

"Kanana," akasema, "nani amekandika?"

Nilihisi macho ya Njiru kisogoni. Nikasema kwa Kimeru, ili kila aliyekuwepo asikie sawasawa, "Shimo limefagiwa na vigae vimeinuliwa bila kuandikwa, nusu nzima. Kosa ni langu. Niliwaambia watu wa nyumba hii mgeni anakuja, na sikuwaambia udongo haupaswi kuguswa. Nimeishi nao miezi miwili na sikuwaeleza ninachofanya hata siku moja. Nilidhani hawataelewa."

Kisha sauti ya Cucu ikatoka nyuma, haina kelele. "Kwa hiyo nimeharibu?"

"Cucu, mimi ndiye—"

"Nimekuuliza nimeharibu?"

"Ndiyo, Cucu."

Akaja mbele, akasimama karibu yangu, akalitazama shimo kama anayeliona kwa mara ya kwanza. "Ungeniambia udongo wenyewe una habari, ningeushika na mfagio? Mimi? Na wewe unakula jikoni kwangu kila siku?" Njiru aliinamisha kichwa. Nimewahi kukosolewa na maprofesa, kwa maandishi, kwa lugha ngumu na mihuri. Hakuna aliyewahi kunikosoa kwa usahihi kama ule.

Bi Zuhura alitoa kalamu yake, akaifunga tena. Alisema mambo yake kwa upole na bila kupunguza. Nusu ile ya shimo haina ushahidi tena, na ripoti yake itaandika hivyo. Fedha za safari hataweza kuzipendekeza. Kuna chipukizi mwingine anayesubiri, naye ataenda Ureno badala yangu. Fedha za utafiti zilizobaki zinatosha wiki mbili, na hizo hakuona sababu ya kuzichukua, kwa sababu mtu ameeleza kosa lake kabla ya kuulizwa mara ya pili. Kisha akamgeukia Cucu. "Mama, nimeambiwa unaweza kuvitofautisha. Nifundishe." Na yule mwanamke msomi, na buibui lake safi, alikaa chini kwenye majani ya migomba, akapokea kigae, akatoa ulimi.

Nililia siku ile, nisidanganye, nililia hata mbwa wa Njiru akahama. Niliiaga ndege yangu kwa heshima zote. Lakini tulikuwa na wiki mbili, na upande wa juu wa shimo palikuwa na kipande cha ardhi ukubwa wa meza ambacho hakijaguswa na mwiko wala mfagio. Nilimwekea Cucu kigoda ndani, nikamweleza kila kitu, kila kamba, kila kipimo, naye akauliza maswali ambayo darasa letu la jioni halikuwahi kuuliza. Wale mama watano walikuja kuchekecha. Njiru aliwaletea supu na kuwakataza kukanyaga popote, kwa ukali wa askari jela.

Siku ambayo yule chipukizi mwenzangu alisafiri kwenda Ureno, nilikuwa nimepiga magoti katika safu ya chini. Brashi ikafichua ukingo mwekundu, kisha shingo, kisha nusu ya chungu kilicholala ubavu, cha wale watu wasiojulikana. Nilipima. Nilichora. Niliandika upande na kina. Cucu alisubiri mpaka nikamaliza, akauliza, "Sasa nishike?" Nikamwambia ashike. Alikiinua kwa mikono miwili, akaingiza vidole ndani, pale mkono wa mfinyanzi husukuma udongo kwenda nje, na akaacha kusogea. Ndani ya ukuta wa chungu kulikuwa na mbonyeo, alama ya dole gumba, ambayo mfinyanzi wake hakuwahi kuifuta. Cucu aliweka dole lake hapo. Lilikaa.

"Alikuwa na mkono mdogo kuliko wangu," akasema. "Na alikuwa na haraka. Mtu alikuwa anamwita."

Wanawake waliacha kuchekecha. Nikafikia daftari, kalamu tayari.

"Ngoja, usiandike bado," Cucu akaniambia, amefumba macho. "Bado nimemshika."

Nikaweka kalamu chini.